Mwaka Tuliomwombea Jestina

Jestina alikuja msibani siku iliyofuata mazishi, wakati wa chai ya asubuhi, akiwa amemshika mkono mtoto mdogo wa kike. Alishuka taratibu kwenye kijia cha migombani kinachotoka barabarani, na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba wakasimamisha visu. Nawajua wanawake wale, wana neno kwa kila jambo, lakini walimtazama Jestina, wakamtazama mtoto, wakarudia ndizi zao. Marehemu alikuwa Shangazi yangu Verdiana, na Jestina ndiye aliyekuwa mkwe wake, mke wa kwanza wa mwanawe Respicius. Hakuwa amekanyaga Izigo tangu alipoondoka. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeinuka, niliinuka mimi. "Wifi," aliniambia kabla hata sijampa pole, "bado unabishana na mapadre?" Nikamwambia wamenichoka. "Basi wamepumzika, maskini," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi nilicheka. Kisha nikaona anaitazama nyumba, mlango, dirisha la sebule, nikajua anachokitazama. Nami nilikuwa nakitazama hicho hicho tangu nilipofika.

Niliishi katika nyumba ile mwaka mmoja tu, mwaka niliomaliza chuo. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya sosholojia, sina kazi, na nina maswali mengi kuliko heshima. Sebule ya Shangazi ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa, picha ya Moyo Mtakatifu iliyopauka upande uliopigwa na jua, na redio iliyofunikwa kitambaa kama mgonjwa. Jikoni, kwenye kibanda cha nje, kulikuwa na moshi, ndizi za ebitoke zikipikwa ndani ya majani, na sheria. Sheria zile hazikuandikwa popote, lakini nilizijua zote ndani ya wiki ya kwanza. Katika nyumba ya Shangazi hapakusemwa mjinga. Hapakusemwa shetani, wala mchawi, wala haki ya Mungu kwa jambo la chumvi na viberiti. Kumsema mtu ambaye hayupo ilikuwa marufuku, isipokuwa kama ni kumsifu. Mbuzi wa jirani alipoingia kwenye maharage, Shangazi alisimama mlangoni, akauma mdomo, akasema, "Huyu rafiki amekuja tena." Kuku alipochafua ungo wa unga, aliambiwa kwamba ana mambo yake. Jestina alikuwa akigeuka ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mimi nilikuwa nachokoza. Nilimuuliza Shangazi kama kweli anaamini kwamba Mungu, mwenye vita na njaa vya kushughulikia, anajali tukimwita mbuzi mjinga. Hakukasirika. "Mungu sijui," alisema. "Mbuzi hajali. Ninayejali ni mimi. Ukizoea kwa mbuzi, utafika kwa mtu."

Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa akisema juu yake mwenyewe. Siku moja tukianika kahawa, alinisimulia kwamba ujanani ulimi wake uliogopwa kijiji kizima. Aliwahi kugombana na wifi yake juu ya mpaka wa kibanja, shamba lile la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, akamtolea neno mbele ya watu. Hakuniambia ni neno gani. Aliniambia tu kwamba wifi yule hakuzungumza naye tena, akaugua, akafa, na siku ya kuaga maiti yeye Verdiana alisimama pale akitafuta neno jingine la kulifuta lile la kwanza, akalikosa. "Kwetu shangazi si mtu mdogo," alisema. "Mdomo wa shangazi unashika." Nikaanza kumweleza kwamba maneno ni sauti, kwamba hayaui mtu, kwamba wifi yake aliuawa na ugonjwa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuzageuza buni kwa kiganja. "Vizuri," alisema. "Sasa nenda ukamwambie hivyo mtu aliyetukanwa." Niliiona hoja ile kuwa dhaifu wakati ule. Leo siioni hivyo, ingawa bado sijui ilikuwa hoja ya nani, ya Mungu au ya wanadamu wanaoishi karibu mno.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya. Kila wiki kaya kadhaa za jirani zilikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, nyumba kwa nyumba kwa zamu, kusoma somo, kushirikishana, na mwishoni kila mwenye nia kutoa ombi lake kwa sauti ili wote waitikie. Ilipofika Kwaresima ya mwaka ule, Shangazi alipendekeza kwamba pamoja na kufunga nyama na pombe, jumuiya ifunge ulimi. Mtu asitukane, asisengenye, asiape. Mzee Projestus, katekista mstaafu mwenye sauti kubwa na masikio mazito, alisema ni jambo jema lakini akaomba wenye ng'ombe wasamehewe wakati wa kukamua. Watu walicheka, wakakubali. Nami, niliyekuwa nikikaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kukagua, nilikiri moyoni kwamba ni mfungo wenye maana kuliko ule wa nyama, hasa kwa watu ambao nyama waliila Krismasi.

Siku hiyo hiyo, wakati wa maombi, Shangazi alisema kwa sauti yake ya taratibu: "Tumwombee binti yetu Jestina, ambaye ni baraka katika nyumba yangu. Bwana amkumbuke, alifungue tumbo lake, atujalie mjukuu." Nasi sote tukaitikia: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Jestina aliitikia pia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, magoti pamoja, macho kwenye kucha zake. Wiki iliyofuata, katika nyumba nyingine, ombi lilikuwa lile lile. Na iliyofuata. Halikuwa na neno baya hata moja, na ninaapa, ingawa kuapa kulikatazwa, kwamba lilitoka katika upendo. Shangazi alimpenda Jestina. Alimwekea kipande cha samaki chenye minofu na kumfunika kanga alipolala mchana. Hakuwahi hata mara moja kulitamka lile neno ambalo watu huwaita wanawake wasio na watoto, na aliyelitamka mbele yake alionyeshwa mlango. Alichofanya ni kuomba tu.

Lakini nilikuwa nikitembea nyuma ya wanawake wakati wa kurudi, na nilisikia maombi yale yanageuka kuwa nini yakitoka nje ya mlango. "Maskini Jestina," mmoja alisema, "miaka inakwenda." "Verdiana ana moyo," akajibu mwingine. "Mwingine angeshamrudisha kwao, waitu." "Tena anamwombea!" "Anamwombea, na yeye ametulia tu, anakula." "Tusiseme, tumefunga." "Mimi sisemi. Nasema tu anakula." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliofunga. Siku chache baadaye tulikwenda sokoni Muleba, mimi na Jestina, na mwanamke auzaye dagaa, ambaye hata si wa kigango chetu, alimfungia dagaa wake kwenye gazeti, akaongeza konzi moja ya bure, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Pole, mama. Tunakuombea huku." Jestina alishukuru. Tulipofika kwenye vitunguu alisimama, akaniuliza bila kunitazama: "Wifi, wewe umesoma. Unamwambiaje mtu aache kukuombea?" Mtu akikutukana unaweza kumtukana. Akikusengenya utamfuata umuulize. Aliyepiga magoti na kulitaja jina lako mbele ya Mungu, utamshika wapi?

Mume wake, Respicius, alifanya kazi Bukoba mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Wahindi, kati ya zile chache zilizobaki, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki na mkate na sukari. Alikuwa mpole, mwenye mikono yenye harufu ya misumari, na aliniita "dada msomi" bila kejeli. Alipokuwepo, alihudhuria jumuiya na kuitikia maombi kwa sauti nzuri ya mwimba kwaya. Lilipotajwa tumbo la mkewe, aliitikia kama alivyoitikia kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya marehemu wote.

Katikati ya Kwaresima nilikwenda Bukoba kupeleka maombi ya kazi, na Jestina akasema tuongozane, ana shida yake hospitali. Nilipomaliza mizunguko yangu nilimkuta ufukweni, upande wanakouza samaki wa kukaanga, sahani mbele yake haijaguswa. Ziwa lilikuwa na rangi ya bati. "Daktari anasema mimi sina tatizo," alisema. "Alisema hivyo mwezi uliopita, mbele yetu wawili. Akamwambia Respi kwamba ni yeye, tena akamwambia vizuri, kwa adabu. Leo nimekuja peke yangu kumuuliza tena. Amerudia." Nilimuuliza kama Shangazi anajua. Akacheka kwa pumzi. "Respi aliniomba nisimwambie mama. Alipiga magoti, wifi. Kwenye chumba chake cha kupanga, kwenye saruji. Analia, anasema mama akijua atakufa, anasema vijana wa dukani wakijua atakufa yeye. Nikamwambia sawa." Nikapandisha sauti, nikasema hana haki, nikasema mimi ningesema ukweli siku hiyo hiyo. Alinivutia sahani ya samaki. "Wewe ungesema ukweli," alisema, "halafu ungepanda basi urudi Dar. Kula. Na usimwambie mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu, si kwa sababu umesoma."

Basi nikarudi Izigo na siri ile. Mfungo wa ulimi, ambao nilikuwa nimeuchungulia kutoka mlangoni kama mtafiti, ulikuwa umenikamata. Nilianza kuona kwamba katika nyumba ile kila mtu aliuchunga mdomo wake, na mzigo wote ulimwangukia mmoja. Shangazi aliyachunga maneno asimuumize mtu. Respicius aliyachunga kwa aibu, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Jestina aliyachunga ili mume wake abaki mwanaume mbele ya mama yake, kisha kila wiki akakaa mkekani na kuitikia. Kama kuna kitabu cha maadili kinachoeleza la kufanya hapo, sijakisoma, na nimesoma vingi.

Zamu ya nyumba yetu ilifika wiki ya kuelekea Matawi. Ilikuwa alasiri yenye mvua, sebule imejaa, miavuli inadondosha maji kwenye kizingiti, nyasi mpya zimetandazwa sakafuni na harufu yake imeshinda ile ya moshi. Respicius alikuwepo. Somo lilikuwa juu ya ulimi, Mzee Projestus alilichagua mwenyewe, na watu walishirikishana jinsi walivyofunga. Mmoja alisema amekaa mwezi mzima bila kumtukana ng'ombe wake na maziwa yameongezeka. Yakaja maombi. Shangazi akaomba kama kawaida, tukaitikia kama kawaida, na sauti ya Respicius ikawa juu ya zote. Nilimwona Jestina ananyanyua kichwa na kumtazama mume wake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu aliyojifunza kwa mama mkwe wake: "Tumwombee mama yetu Verdiana, aliyenipokea kama binti yake. Kwaresima hii amefunga kila neno baya. Bwana amjalie afunge na hili la kuniombea mimi."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Waliitikia kwa mazoea, midomo ilitangulia masikio. Sauti ya Respicius sikuisikia. Kisha ombi likawafikia, mmoja baada ya mwingine, na nikaona nyuso zikibadilika kuzunguka sebule kama upepo unavyopita kwenye majani ya migomba. Mvua ilipiga bati. Mzee Projestus, ambaye nadhani hakusikia chochote, alisema "Amina, ombi zuri," akaanza Baba Yetu.

Chakula kililiwa haraka. Baada ya chakula ilikuja akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. Katika nyumba ile mama wa nyumba mwenyewe ndiye aliyezungusha kikapu kidogo na kumwekea kila mgeni kiganjani, na watu wa nyumbani hawakupewa. Mwenyeji hakaribishwi kwake. Shangazi alizunguka, na wageni wakapokea wakiangalia chini. Alipofika mkekani alisimama mbele ya Jestina. Akainama, akachukua buni, akaziweka kiganjani mwa mkwe wake, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili. Hakusema neno. Sebule nzima iliona.

Nilimkuta jikoni baadaye, buni bado zimo kiganjani. "Umeona?" aliniambia. "Amenipa kahawa ya mgeni. Mbele ya watu wote." Nikasema labda hakukusudia. "Mama hafanyi kitu bila kukusudia. Huyo hata mbuzi anamkusudia." Nikatoka, nikamkuta Shangazi amekaa sebuleni peke yake kati ya viti vilivyosogezwa ovyo. Alinipa ishara nikae. "Mwana wa kaka yangu, niambie," alisema. "Nilikosea neno lipi?" Akaanza kuyapitia maneno yake moja moja, kama mtu achambuaye mchele. Alisema binti yetu. Alisema baraka. Alisema Bwana amkumbuke. "Lipi lilikuwa baya? Nioneshe, nilitoe." Sikuweza kumwonesha, kwa sababu halikuwepo. Ubaya wake ulikuwa mahali pengine, kwenye njia ya kurudi nyumbani, sokoni Muleba, katika huruma ya muuza dagaa. Ulikuwa pia kwa mwanawe, aliyekuwa ameketi nje kwenye baraza akitazama mvua, na hilo sikuwa na ruhusa ya kulisema. Nikamuuliza tu kwa nini alimpa Jestina akamwani. Alinitazama kwa mshangao. "Nilitaka kumwomba radhi," alisema. "Kila neno nililolishika niliona lina kisu. Nikaona nimpe kitu badala ya neno."

Nilikwenda kumweleza Jestina hivyo hivyo. Alinisikiliza, akasema, "Aje aniambie mwenyewe." Nikarudi kwa Shangazi. Alitikisa kichwa. Aliuogopa mdomo wake wakati ule kuliko ugonjwa wowote. Siku zikapita, wawili hao wakimenya ndizi pamoja, kisu kwa kisu, kimya, na baada ya Pasaka Jestina alifunga vitu vyake akarudi kwao Nshamba. Respicius hakumzuia. Hakuna aliyetukanwa. Kwa viwango vya jumuiya yetu, ndoa ile ilivunjika kwa adabu kabisa.

Mimi nilipata kazi Mwanza nikaondoka mwisho wa mwaka, wakati watoto wakikimbizana na senene kwenye taa za barabarani. Respicius alioa tena, na nyumba ikaendelea kukosa mtoto. Ninachojua ni kwamba Shangazi alijiuzulu uenyekiti, na kwamba mke wa pili hakuwahi kuombewa kwa sauti. Kama alikuja kuelewa, hakusema. Kila nilipompigia simu aliuliza jambo moja mwishoni, kama jambo la kupita tu: "Unasikia lolote la Nshamba?" Nilimwambia nilichosikia, kwamba Jestina ana duka, kwamba ameolewa. Lile la mtoto lilipotokea nililimeza kwa muda, kisha nikamwambia pia. "Asante," alisema. "Ni mzima?" Nikamwambia ni mzima. "Asante," akasema tena, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri.

Sasa Jestina alikuwa amekaa kwenye nyasi za sebule ile ile, mtoto mapajani. Jumuiya ilisali. Ulipofika wakati wa maombi, mwenyekiti mpya aliuliza nani ana nia, na nikaona macho yote yanamwendea Jestina, kisha mtoto, kisha Respicius aliyekaa pembeni, mvi zimemtoka kabla ya wakati. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, la nani hasa alistahili kuombewa mwaka ule, na kila mtu alikuwa akilisubiri, hata mimi. Nakiri nililitamani. Jestina alikuwa ameinamisha kichwa akimsuka mtoto kwa vidole. Aliacha maombi yote yapite.

Baada ya Baba Yetu niliinuka kuzungusha akamwani, kwa kuwa mke wa Respicius alikuwa jikoni na wageni wengi. Jestina alinifuata, akakichukua kikapu mikononi mwangu. "Kaa, wifi," alisema. Akaanza kuzunguka, mtu kwa mtu, akimwekea kila mgeni kiganjani, kama mama wa nyumba. Wanawake walipokea kwa mikono miwili. Nilikinga changu, akanipita bila kunitazama, na nikajua kwa nini, mtu wa nyumbani hapewi, nikakirudisha mapajani. Kisha akafika kwa Respicius. Yeye hakukinga mkono, maana pale ni kwake. Jestina alisimama mbele yake. Akainama, akakishika kiganja cha yule mwanaume, akakifungua, akaweka buni, akakifunga kwa mikono yake miwili kama Shangazi alivyokifunga chake siku ile. Nimejiuliza tangu siku hiyo kama ilikuwa radhi au hukumu, na kama yeye mwenyewe alijua. Respicius alizitia mdomoni. Katika kimya cha sebule ile tulimsikia akitafuna.